Kocha wa vigogo: je, mwenye hisa anafaidika?

MWEZI Juni 2018 kampuni ya General Electric (GE) ya Marekani iliondolewa katika orodha ya Dow Jones, ambayo ni orodha ya kampuni 30 zinazotumika kupima mwenendo wa soko la hisa la nchi hiyo. GE ilikuwa imekaa katika orodha hiyo mfululizo tangu mwaka 1907.

Kampuni kubwa kuanguka si jambo geni sokoni. Kilichowashangaza wengi ni kwamba iliyoanguka ndiyo ile iliyosifiwa dunia nzima kwa kuandaa viongozi. GE ilikuwa na chuo chake yenyewe, ilitumia fedha nyingi kuwanoa wakubwa wake, na kampuni nyingine zilikuwa zikija kuwachukua viongozi hapo kama watu wanaochota maji kisimani.

Swali linalomhusu mwenye hisa, awe wa New York, Nairobi au Dar es Salaam, ni moja. Kampuni inapotumia fedha kumlipa kocha wa kuwanoa wakurugenzi, fedha hizo zinatoka katika faida ambayo ingeweza kugawanywa kuwa gawio. Je, zinarudi?

Jibu linahitaji kwanza kueleweka kazi hiyo yenyewe ni ipi, inaendeshwaje, na inashindwa wapi.

KOCHA SI MWALIMU

Neno kocha limetoka kiwanjani, na maana yake katika biashara imebaki karibu na ile ya kiwanjani. Kocha wa mpira haingii uwanjani kupiga penalti. Huenda hata hawezi kukimbia kama wachezaji wake. Kazi yake ni kuona kile ambacho mchezaji mwenyewe hakioni, na kumfanya acheze vizuri zaidi ya jana.

Asili ya kazi hii katika ofisi za wakubwa inaelezwa hivyo hivyo. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mchezaji hushindwa zaidi na vurugu iliyomo kichwani mwake kuliko na mpinzani wa upande wa pili wa wavu. Mawazo hayo yalivuka bahari. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, alitoa kitabu kilichoyaingiza rasmi katika uongozi wa kampuni.

Njia aliyoieneza Bw. Whitmore inasimama juu ya maswali ya aina nne. Unataka kufika wapi? Hali ikoje hivi sasa? Kuna njia gani za kutoka hapa kwenda kule? Utafanya nini, na lini?

Maswali hayo ni mepesi kwa mtu wa nje. Kwa mkurugenzi ambaye kwa miaka kumi hajaulizwa swali gumu na mtu yeyote katika jengo lake, hali ni tofauti. Hapo ndipo kazi ya kocha inapoanza.

Tofauti na mwalimu ni hii: mwalimu ana somo lake na hulifundisha kwa darasa zima. Mshauri wa biashara huchunguza tatizo, huandika ripoti na kusema la kufanya. Kocha hana somo wala ripoti ya aina hiyo. Huchukua mtu mmoja, na kumfanya atafute jibu mwenyewe kisha alitekeleze.

KWA NINI WAKUBWA?

Wapo wanaouliza kwa nini fedha zitumike kwa mtu aliyekwisha fika juu. Kama alikuwa hajui kazi, mbona alipandishwa?

Jibu la wataalamu wa uongozi ni kwamba kinachompandisha mtu cheo si kile kitakachomfanya afaulu katika cheo kipya. Mhasibu hodari hupandishwa kwa sababu hakosei hesabu. Akiwa mkurugenzi wa fedha, kazi yake si tena kujumlisha bali ni kubishana na wenzake, kuwatuliza mabenki na kumwambia Mkurugenzi Mtendaji kwamba mradi anaoupenda hauna faida. Hayo hayakuwemo katika mtihani wa uhasibu.

Pili, kadiri mtu anavyopanda ndivyo watu wanavyoacha kumwambia ukweli. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kwa mkubwa wa kampuni tatizo ni kubwa zaidi, maana hata wale wanaoliona hawathubutu kumwambia. Yeye ndiye anayesaini likizo zao na nyongeza zao za mishahara.

Kosa la karani huigharimu kampuni maelfu. Kosa la Mkurugenzi Mtendaji huweza kuigharimu mabilioni, na anayelipa ni mwenye hisa. Ndiyo maana bodi nyingi huona ni afadhali fedha za kunoa zianzie juu.

MPANGO UNAVYOENDESHWA

Mpango unaoendeshwa sawasawa hupitia hatua zinazojulikana.

Hatua ya kwanza ni mapatano ya pande tatu: kampuni inayolipa, kiongozi anayenolewa, na kocha. Wanakubaliana ni jambo gani linatakiwa kubadilika, kwa muda gani, na ni habari zipi zitarudi kwa kampuni. Kwa kawaida kampuni huelezwa malengo na maendeleo tu. Yanayosemwa ndani ya chumba hubaki humo. Bila siri hiyo kiongozi hatafungua moyo wake, na kazi yote itakuwa maigizo.

Hatua ya pili ni tathmini ya pande zote. Kocha huzungumza na bosi wa kiongozi huyo, na wenzake wa ngazi moja, na walio chini yake. Wanaulizwa anafanya nini vizuri, na nini kinawakwamisha. Majibu huunganishwa bila majina na kupelekwa kwa mhusika. Wengi hushtuka siku hiyo. Mtu aliyejiona mwepesi wa maamuzi hukuta wenzake wamemwandika kuwa hasikilizi.

Hatua ya tatu ni kuchagua mambo machache, mawili au matatu. Mpango wenye malengo kumi ni sawa na mpango usio na lengo.

Hatua ya nne ni vikao vyenyewe. Kiongozi na kocha hukutana mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Kila kikao huanza kwa kuuliza yale yaliyoahidiwa kikao kilichopita. Kati ya kikao na kikao ndipo kazi inapofanyika, yaani katika mikutano ya kila siku ya kampuni.

Hatua ya mwisho ni kupima. Wale wale waliohojiwa mwanzo wanaulizwa tena: je, amebadilika?

UFUATILIAJI NDIO MZIZI

Katika hatua hiyo ya mwisho ndipo kampuni nyingi hupoteza fedha zao. Semina hufanyika hotelini, vyeti hutolewa, picha hupigwa, na Jumatatu kila mtu hurudi ofisini kama alivyotoka.

Mwaka 2004 Marshall Goldsmith na Howard Morgan wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika kampuni kubwa 8, wenye majibu ya watu zaidi ya 86,000 waliofanya kazi na viongozi waliopitia mipango ya namna hii. Kampuni hizo zilitumia njia mbalimbali. Baadhi zilitumia makocha wa nje, nyingine watu wa ndani.

Walichokikuta ni kwamba njia iliyotumika haikuwa na uzito mkubwa. Kilichotenganisha waliobadilika na wasiobadilika ni ufuatiliaji. Viongozi waliorudi kwa wenzao mara kwa mara na kuuliza, "Nilisema nitajirekebisha katika jambo hili, unanionaje?" walionekana kuwa wamepiga hatua. Wale waliohudhuria mafunzo na kunyamaza walionekana wako pale pale.

Bw. Goldsmith mwenyewe anajulikana kwa sharti lake la malipo: halipwi mpaka kiongozi aliyemnoa awe amebadilika, na wanaoamua hilo ni wale wanaofanya naye kazi. Kwa lugha ya soko, hayo ni mauzo kwa mali kauli. Mteja akiridhika, ndipo fedha inapotoka.

MFANO WA GOOGLE

Mfano unaotajwa sana na wanaoiunga mkono kazi hii ni wa Bill Campbell. Huyu alikuwa kocha kweli kweli, wa mpira wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Columbia katika miaka ya 1970. Baadaye aliingia katika biashara na kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya Intuit, na akakaa katika bodi ya Apple kuanzia mwaka 1997.

Eric Schmidt alipochukua uongozi wa Google mwaka 2001, mmoja wa wawekezaji wakubwa wa kampuni hiyo, John Doerr, alimshauri atafute kocha. Bw. Schmidt hakupenda. Alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa kampuni nyingine, na hakuona kocha atamwongezea nini. Hata hivyo alikubali, na kwa miaka mingi Bw. Campbell alikaa naye na wasaidizi wake.

Kazi yake haikuwa kuwafundisha wahandisi habari za kompyuta. Alishughulika na mikutano isiyofikia uamuzi, wakubwa wawili wasiosemezana, na viongozi wanaojisahau. Google iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza Agosti 2004 kwa dola 85 kila moja, na waliozishika wanajua kilichofuata. Bw. Campbell alifariki Aprili 2016, na miaka mitatu baadaye Bw. Schmidt na wenzake wawili walimwandikia kitabu.

Mwekezaji makini hata hivyo hatasema Google ilifaulu kwa sababu ya kocha. Ilikuwa na bidhaa iliyotakiwa na dunia nzima. Linaloweza kusemwa ni kwamba kampuni iliyokuwa ikikua kwa kasi ile ingeweza kuvunjika kwa ugomvi wa ndani, na haikuvunjika.

SHULE YA CROTONVILLE

Mfano wa GE ndio unaompa mwenye hisa somo la pande zote mbili.

Chuo cha GE kilifunguliwa mwaka 1956 huko Crotonville, kando ya mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York. Jack Welch alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji kuanzia 1981 hadi 2001, alikifanya kuwa moyo wa kampuni. Alikuwa akienda mwenyewe na kusimama katika ukumbi uliopewa jina la Shimo, akiulizwa maswali na viongozi waliokaa juu yake kwa ngazi.

Aidha, kila mwaka wakubwa wote walipitiwa mmoja mmoja: nani apandishwe, nani anolewe, nani aondoke. Kutafuta mrithi wa Bw. Welch kulianza mwaka 1994, miaka saba kabla ya kuondoka kwake. Mwishoni walibaki watatu: Jeffrey Immelt, James McNerney na Robert Nardelli.

Mwezi Novemba 2000 GE ilimtangaza Bw. Immelt. Kabla ya mwaka kwisha, wale wawili waliokosa walikuwa wamekwisha pata kampuni za kuongoza. Bw. McNerney alichukuliwa na 3M na Bw. Nardelli na Home Depot, kampuni kubwa ya maduka ya vifaa vya ujenzi.

Watu watatu, shule moja, wanoaji wale wale. Matokeo yakawa tofauti.

Bw. McNerney aliingia 3M akiwa mtu wa kwanza kutoka nje kuiongoza. Alibana gharama, na hisa zikapanda. Mwaka 2005 alihamia Boeing. Wapo waliolalamika baadaye kwamba ubanaji wake uliwafunga mikono wagunduzi wa 3M, lakini wenye hisa wa kipindi kile hawakuwa na manung'uniko makubwa.

Bw. Nardelli alifanya kazi kwa bidii isiyo na shaka, na mauzo ya Home Depot yaliongezeka. Bei ya hisa ndiyo iliyogoma, wakati za mshindani wake Lowe's zikipanda sana. Mwezi Mei 2006, katika mkutano mkuu wa mwaka, wajumbe wengine wa bodi hawakuhudhuria, na wenye hisa waliotaka kuuliza habari za malipo yake waliwekewa saa ya kuhesabu muda. Mkutano uliisha kwa muda wa kama nusu saa. Januari 2007 aliondoka na malipo yaliyofikia dola milioni 210 hivi.

Huyu alikuwa amepitia mafunzo yote ambayo kampuni ya Kimarekani ingeweza kumpa. Kilichokosekana ni kusikiliza wenye mali.

GAWIO LA GE

Bw. Immelt alishika usukani Septemba 7, 2001, siku nne kabla ya mashambulizi ya New York na Washington. Alikaa miaka 16. Urithi alioupokea ulikuwa na tatizo ambalo halikuonekana darasani: sehemu kubwa ya faida ilitoka katika tawi la fedha la kampuni, lililokuwa likikopa na kukopesha. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulipokuja, tawi hilo liliyumba.

Februari 2009 GE ilitangaza kupunguza gawio la kila robo mwaka kutoka senti 31 hadi senti 10 kwa hisa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1938. Mstaafu mwenye hisa 1,000 aliyekuwa akipokea dola 310 kila miezi mitatu alianza kupokea dola 100.

Gawio lilipanda polepole hadi senti 24. Novemba 2017, Bw. Immelt akiwa amekwisha ondoka, mrithi wake John Flannery alilikata hadi senti 12. Bw. Flannery naye alikuwa zao la ndani, na aliondolewa Oktoba 2018 baada ya kukaa mwaka mmoja na kidogo. Mwezi huo huo gawio lilikatwa tena hadi senti moja. Mstaafu yule yule mwenye hisa 1,000 alibaki na dola 10 kila miezi mitatu.

Aliyeitwa kuokoa jahazi alikuwa Larry Culp, mtu wa kwanza kutoka nje kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa GE. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chini yake kampuni iligawanywa kuwa tatu, kazi iliyokamilika Aprili 2024. Chuo cha Crotonville nacho kilikuwa kimewekwa sokoni tangu mwaka 2022.

Somo si kwamba kunoa viongozi ni bure. Somo ni kwamba kisu kilichonolewa vizuri hakimsaidii mtu anayekata mti usiofaa. Kocha humsaidia kiongozi kusikiliza, kuamua na kuongoza watu. Hawezi kuigeuza biashara mbaya kuwa nzuri, wala kuifanyia bodi kazi yake ya kuuliza maswali magumu juu ya mizania. Tena shule inayowanoa wote kwa jiwe moja yaweza kuwatoa wakiwa na makali ya upande mmoja, bila hata mmoja wa kumwambia mwenzake kwamba njia imepotea.

GHARAMA KATIKA VITABU

Mwekezaji mdogo anapaswa kujua fedha hizi zinakaa wapi katika hesabu. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 38, gharama za mafunzo haziwezi kuandikwa kuwa mali ya kampuni. Lori linalonunuliwa huandikwa katika mizania na gharama yake hugawanywa kwa miaka. Mafunzo ya dereva wa lori hukatwa katika faida ya mwaka ule ule.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kampuni inayoandaa viongozi kwa bidii huonekana kuwa na faida ndogo kidogo kuliko isiyoandaa. Pili, mkurugenzi anayetaka kupamba faida ya mwaka huu hupata njia rahisi: anafuta mafunzo. Faida inapanda, gawio linapanda, makofi yanapigwa. Ufa huonekana baada ya miaka mitano, yeye akiwa ameshaondoka.

Chukua mfano wa kampuni yenye hisa milioni 100, inayotumia shilingi milioni 200 kwa mwaka kuwanoa wakubwa wake. Hiyo ni shilingi 2 kwa kila hisa. Kwa kuwa gharama hiyo hupunguza faida inayotozwa kodi, na kodi ya makampuni ikiwa asilimia 30, mzigo halisi kwa hisa moja ni shilingi 1 na senti 40. Mwenye hisa 1,000 amechangia shilingi 1,400.

Kama fedha hiyo itaifanya bodi iwe na watu wawili au watatu walio tayari siku Mkurugenzi Mtendaji atakapoondoka, ni bima ya bei nafuu. Kama ni ya semina za hotelini tu, imepotea.

HALI YA HUKU

Wenye hisa wa Afrika Mashariki wameshaonja umuhimu wa jambo hili.

Kampuni ya simu ya Safaricom, iliyoandikishwa katika soko la Nairobi mwaka 2008, ilimpoteza Mkurugenzi Mtendaji wake Bob Collymore kwa maradhi Julai 1, 2019. Bodi ilimrudisha kwa muda Michael Joseph, aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo tangu ilipokuwa changa. Oktoba mwaka huo alitangazwa Peter Ndegwa, kutoka kampuni ya vinywaji ya Diageo, naye akaanza kazi Aprili 1, 2020. Kazi haikusimama, lakini kiti cha kudumu kilijazwa na mtu wa nje baada ya miezi tisa.

Hapa Tanzania, benki ya CRDB iliongozwa na Dk. Charles Kimei kwa miaka 20, kuanzia 1998 hadi 2018. Aliyemrithi, Bw. Abdulmajid Nsekela, alitoka katika benki shindani ya NMB. Kwa upande wake NMB ilipata kiongozi kutoka ndani: Bi. Ruth Zaipuna alikuwa mkuu wa fedha wa benki hiyo, akakaimu, kisha akathibitishwa mwaka 2020.

Benki zote mbili ziliendelea kupata faida. Kwa hiyo hakuna kanuni kwamba wa ndani ni bora kuliko wa nje. Kanuni ni kwamba bodi iwe na uchaguzi. Bodi isiyomwandaa mtu yeyote ndani haina budi kwenda kununua nje kwa bei ya muuzaji, na wakati mwingine kwa haraka.

MASWALI YA KUULIZA MKUTANONI

Mwenye hisa, hata wa hisa 100, ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka. Badala ya kuuliza tu habari ya gawio na chakula cha mchana, anaweza kuuliza haya:

Je, Mkurugenzi Mtendaji akiondoka kesho, kuna watu wangapi ndani ya kampuni walio tayari kukaimu? Si lazima majina yatajwe. Idadi inatosha.

Je, fedha za kuandaa viongozi ziliongezeka au zilipungua mwaka huu? Kama zilipungua wakati faida imepanda, kwa nini?

Je, matokeo yanapimwa na nani? Jibu la kwamba washiriki wote walifurahi halitoshi. Kinachotakiwa ni kama wanaofanya nao kazi wameona mabadiliko.

Je, kocha anachaguliwa na kulipwa kwa utaratibu gani? Kocha ambaye ni rafiki wa Mkurugenzi Mtendaji, na ambaye mkataba wake husainiwa na huyo huyo, hatasema lisilopendeza.

Je, katika wakubwa waliopandishwa miaka mitatu iliyopita, wangapi walitoka ndani? Kampuni inayojisifu kwa kuandaa viongozi huku kila nafasi kubwa ikijazwa kutoka nje inajipinga yenyewe.

Majibu yasipopatikana, hilo nalo ni jibu.

HATA DUKANI

Mfanyabiashara wa duka la jumla huenda akaona haya ni mambo ya wenye viyoyozi. Sivyo. Maduka mangapi yamefungwa Kariakoo na kwingineko kwa sababu mwenye mali alifariki akiwa peke yake ndiye anayejua bei za kununulia, nani anadaiwa, na wakala yupi ni mwaminifu?

Kumnoa msaidizi hakuhitaji kocha wa kulipwa kwa dola. Kunahitaji saa moja kila wiki. Mwenye duka humpa msaidizi jambo moja la kuamua mwenyewe, kwa mfano kununua shehena ndogo au kumkopesha mteja. Wiki inayofuata humuuliza maswali yale manne: ulitaka nini, kilitokea nini, kulikuwa na njia gani nyingine, utafanya nini safari ijayo? Asimkatize. Akikosea kwa laki moja leo, ni ada ndogo kuliko kukosea kwa milioni kumi siku ambayo mwenye duka hayupo.

Naye mwenye duka atafute wa kumuuliza yeye. Mfanyabiashara mwenzake wa mtaa wa pili, asiyemtegemea kwa mshahara, anaweza kumwambia yale ambayo wafanyakazi wake humezea.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa kiongozi wa kampuni ulimwengu huo ni soko, na karo yake hulipwa na wenye hisa.